Banza Amelala kwa Jina la Kasongo

Kapata, Kolwezi
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu, mama wa sisi wawili,

Magoti yako yanasemaje? Na kile kikohozi cha moshi kimepungua, ao bado unapikia ndani na mlango umefungwa, ukiogopa kuku wa jirani? Mimi ni mzima. Macho tu yananiwasha, maana mwezi huu tunashona salopeti nyeusi za wafanyakazi, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Kapata ni ile ile. Nyumba za kampuni bado zimejipanga kwa mistari, maji yanatoka siku yanapopenda, na vumbi linakaa hata juu ya sahani uliyoosha sasa hivi. Haya, nimekusalimu. Sasa kaa chini.

Kwanza, barua hii usome peke yako. Najua Tata Katekista ndiye anayekusomea sababu ya macho yako. Lakini yeye akisoma anaruka sehemu mbaya, na kufika jioni mtaa wote unajua alichoruka. Nimeandika herufi kubwa, na nimejikaza kuandika Kiswahili cha kitabu cha sala, kile ulichokizoea. Feza, binti wa fundi baiskeli, anapanda treni kesho kuja huko Kongolo. Hajui kama amebeba barua. Niliishona ndani ya pindo la kitenge anachokuletea. Nimemwambia akuambie pindo ni refu mno, ulifumue; kama unasoma hapa, umelifumua. Kitenge ni chako, vaa.

Pili, nimekukasirikia. Nasema mapema ili usihangaike kutafuta hasira yangu kati ya maneno. Na mimi mwenyewe nimekosa kukushinda wewe. Hayo mawili yatafuatana mpaka mwisho, vumilia.

Kwa simu nilikuambia kwamba jiwe lilimpiga Banza kichwani akiwa chini ya shimo, kwamba amelazwa, kwamba amefungua macho lakini hasemi na hatambui mtu. Yote hayo ni kweli. Nilichokuficha ni kwamba miezi hii minne mtoto wako amelala pale kwa jina la mtu mwingine.

Unamkumbuka Kasongo, yule mwenye meno ya mbele yaliyoachana, mama yake alikuwa anauza mihogo karibu na gare ya treni. Ndiye aliyemleta Banza huku, na wanachimba kundi moja, ekipe moja. Sasa sikia desturi ya huku. Kuingia kwenye kiwanja cha kuchimba lazima uwe na karte ya kooperative, ule ushirika wa wachimbaji, yenye jina na picha. Lakini mlinzi wa mlangoni anaangalia karte, haangalii uso, na jioni nyuso zote ni rangi moja ya vumbi. Kwa hiyo ndani ya ekipe karte zinazunguka. Huyu akiugua, mwenzake anaingia na karte yake ili zamu yao isipotee. Wote wanafanya hivyo na hakuna anayeona ni uongo. Karte ya Banza ilikuwa imeisha muda wake, alikuwa anangoja mpya. Siku ile Kasongo alikuwa na malaria. Banza akachukua karte yake akashuka nayo, na jiwe likamkuta huko chini.

Waliomtoa walimkimbiza hospitali, na karte ilikuwa mfukoni. Wakaandika Kasongo. Tata Umba, mkubwa wa ekipe, akanifuata kazini nikiwa bado na uzi mdomoni. Akanipa habari, na kabla sijamaliza kulia akanieleza mambo yalivyo: kooperative inamtunza Kasongo, mtu wake, ila Banza haimjui. Nikisema ukweli, watamtoa kitandani, Kasongo atanyang'anywa karte, na ekipe nzima itafukuzwa. “Mule ndani yee ni Kasongo,” akaniambia, “na we uko dada ya Kasongo.” Nikasema ndiyo. Mama, siku ile angeniambia niseme mimi ni mke wa askofu, ningesema ndiyo.

Na Kasongo mwenyewe ungemwonea huruma na kumcheka pamoja. Mtu mzima, nguvu zake zote, lakini kwa karatasi ni mgonjwa mahututi. Hawezi kukanyaga kiwanjani. Anatembea na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Anakuja kumtazama Banza kila wiki, na walinzi wa hospitali wakimuuliza jina anajibu, mimi ni Banza. Nilimwambia siku moja, basi wewe ndiwe mgonjwa wa kwanza anayejiletea uji. Hakucheka. Aliniambia kwamba kila akiingia na kusoma jina lake kwenye kile kipande cha katoni juu ya kitanda, anaona ni yeye aliyepaswa kulala pale. Sikumtania tena.

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila asubuhi muuguzi anasimama miguuni pa kitanda na kuita, Kasongo, Kasongo, unanisikia? Banza anatazama dari. Muuguzi anaandika kwenye dosie, lile faili la mgonjwa. Mimi pia, mbele ya watu, nilimwita Kasongo. Kitanda cha pili kuna mama mmoja anayemuuguza mume wake, ana masikio hatari, na nilimwogopa kuliko madaktari. Nilimwita mdogo wangu “wewe”, nilimwita “mudogo”, nilimwita kila kitu isipokuwa jina lake. Mara moja tu, yule mama alipokwenda kuchota maji, niliinama nikasema Banza sikioni mwake, na akanibana mkono. Nilikimbia kumwambia Dokta. Akanijibu kwa upole kwamba wagonjwa wa namna hii mikono yao hujibana yenyewe, tusijidanganye. Sikumwambia nilikuwa nimesema neno gani.

Dokta huyo anaitwa Dokta Odile. Ni mwanamke mfupi, anatembea mbio, hapendi kupotezewa wakati. Nampenda. Wiki tatu zilizopita aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Akasema kuna madaktari wa nchi nyingine wanaojaribu dawa mpya kwa watu walioumia ubongo, na amewaandikia habari za mgonjwa wetu, na wamekubali kumchukua. Dawa yenyewe si ya kumeza. Wanatoboa mfupa wa nyonga, wanavuta uboho wake mwenyewe, na ndani ya uboho wanachagua chembe fulani, seli shina. Hizo ni chembe ambazo bado hazijawa kitu kimoja, si mfupa, si nyama, zinaweza kugeuka. Wanazizalisha, kisha wanatoboa fuvu tundu dogo na kuziingiza kwa sindano karibu na mahali palipoumia. Wanatumaini zitatuliza kidonda na kuamsha sehemu ya ubongo iliyolala.

Nikamuuliza kama atapona. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, kwa sababu hakunidanganya. Alisema hajui. Alisema hata wale madaktari hawajui, ndiyo maana wanajaribu, kuna waliosogea kidogo na kuna ambao hawakusogea kabisa, na sindano kwenye ubongo si mchezo. Lakini aliniambia pia kwamba wamemkubali kwa sababu baada ya miezi hii yote hajibu hata jina lake, na mtu wa namna hiyo, hapa kwetu, yeye hana kingine cha kumpa. Saini ya ndugu ilitakiwa kufikia Ijumaa ya wiki iliyopita, maana ndege ya kumpeleka ilikuwa imepangwa.

Nililia kwa furaha, Mama. Nilimwona Banza anashuka kwenye ndege kwa miguu yake. Kisha Dokta akatoa karatasi ya maswali kuhusu maisha ya mgonjwa tangu utoto, na mimi nikaenda kumuuliza nani? Kasongo. Dosie ina jina lake, basi nilikaa naye nje ya ukuta wa hospitali nikamuuliza moja moja: ulipata surua, ulipasuliwa, ulianguka kifafa utotoni? Akajibu yote, nami nikayapeleka. Nilisema kweli tupu, lakini ya mwili mwingine.

Swali la kifafa nililiuliza la mwisho, na unajua kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi. Banza alikuwa na mitano. Tulikuwa ukingoni mwa Lualaba na ndoo zetu, na akaanguka kwenye matope. Mdomo ulikwenda upande, mkono ukawa unaruka, na kidole gumba kilijikunja ndani ya ngumi nikashindwa kukikunjua. Ilirudi mara mbili nyingine mwaka ule, nyumbani. Ulitupeleka kwa masista usiku wa mvua, akameza vidonge muda mrefu, ikaisha. Na ulinishika mabega ukasema, “Hii kitu haitoke mu hii nyumba.” Nilielewa. Watu wangekataa kunywa naye kikombe kimoja, shule ingemrudisha, na siku ya kuoa hakuna baba angempa binti. Ulimlinda. Hata yeye mwenyewe ulimwambia ilikuwa malaria, akakua bila kujua.

Ndiyo maana nilikupigia simu. Najua huko mtandao unapatikana pale kilimani tu, na watu wamesimama wanangoja zamu yao. Nilikuuliza kwa kuzunguka, ukanielewa mara moja, nilisikia pumzi yako. Ukajibu, “Ilikuwa malaria, Mwadi. Malaria tu.” Kisha ukaniuliza bei ya unga. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Nilikuwa nimekwisha kumwuliza Dokta kwa nini swali lile lina mstari chini yake, naye alinieleza: mwenye kifafa, hata cha zamani, ukimtoboa fuvu na kumchokoza ubongo, anaweza kushikwa na kuanguka kusikokoma, na akafia huko. Kwa hiyo hawamchukui.

Sasa nipime mimi. Nikisema, ule mlango mmoja tu unafungwa, na Banza anabaki kutazama dari maisha yake yote. Nikinyamaza, labda anapona, labda nampeleka kwa saini yangu akafe ugenini kwa jina la Kasongo, na watakaporudisha sanduku litaandikwa Kasongo pia. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye salopeti moja. Bosi alidhani nimelewa.

Jumatano ya wiki ile, siku mbili kabla ya saini, nilikuwa namlisha uji. Upande wa kushoto wa mdomo ukaanza kuvutika, kidogo tu. Mkono wake ukaruka juu ya shuka. Muuguzi alikuwa karibu, akasema ni baridi, akaleta blanketi. Mimi sikutazama mdomo. Nilitazama ngumi, na kidole gumba kilikuwa kimejikunja ndani. Kidole kile kile, Mama. Niliweka bakuli chini.

Ijumaa ile ya saini nilikwenda kwa Dokta. Nilimwambia Kasongo tu, na yeye akavua kofia yake akasema tutaingia wote wawili. Alijua anapoteza karte, na Tata Umba atamfukuza hata kwenye kivuli cha ekipe. Alikuja. Usimhesabu tena kama mtoto wa muuza mihogo, mhesabu kama mtoto wako.

Dokta alikuwa ameweka karatasi tayari, na kalamu juu yake. Nilisimama. Nikamwambia huyu kijana hapa ndiye Kasongo, na aliye kitandani ni mdogo wangu, tumbo moja. Nikamwambia maswali yote niliyojibu ni ya huyu. Nikamwambia yule wa kitandani alianguka kifafa utotoni, mara tatu, na Jumatano nimekiona tena, haikuwa baridi. Nilisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayetapika.

Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alichukua ile kalamu akaifunga, akairudisha mfukoni. Alitutazama kwa zamu. Nilingoja aite walinzi. Akauliza neno moja tu.

“Jina yake ni nani?”

“Banza.”

Akainuka, akapita katikati yetu, akashika njia ya wodi, nasi nyuma yake. Hakusimama miguuni pa kitanda kama muuguzi. Alikwenda upande wa dirisha, ambako Banza hageuki kamwe, na bila kupaza sauti akasema, Banza.

Mama, aligeuka.

Aligeuza kichwa kizima, akamtazama usoni, na uso wake ulikuwa umekunjamana, ule uso wa hasira aliokuwa nao ukimwamsha kwenda shule. Dokta akazunguka kitanda, akasema tena kutoka upande wa pili. Akageuka tena. Akamwambia, Banza, funga macho. Ilichukua muda, nikadhani imekwisha, kisha akayafunga. Yule mama wa kitanda cha pili alikuwa amesimama na ndoo yake mkononi, na mimi sikumjali tena.

Dokta alishika dosie akarudisha kurasa nyuma, moja moja. Kila ukurasa, mwandiko wa kila muuguzi, neno ni lile lile: haitikii jina lake. Akakaa kitandani, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Akasema polepole, bila kututazama, “Miezi ine tuko tunaita mutu mwengine.”

Nikatoka nje nikakaa chini kwenye vumbi. Nilikumbuka ule mkono aliponibana. Alinijibu, nami nikaukataa mkono wake kwa kuogopa mama mwenye ndoo. Hili ndilo kosa langu nililokuambia mwanzo, na hakuna wa kulibeba isipokuwa mimi.

Sasa sikia yaliyofuata. Safari imekufa. Dokta aliwaandikia wale madaktari siku ile ile, na jibu lilikuja jana: kwa sababu ya kifafa hawamchukui, na nafasi amepewa mwingine. Hizo seli shina hatazipata. Usiniulize kama ningeweza kufanya vingine, nimejiuliza mpaka nimechoka. Dokta ameanza kumpa vidonge vya kuzuia kuanguka, na akaniambia wazi kwamba kule kuanguka kwa Jumatano kungerudi na kurudi, na kungemaliza kile kidogo kilichobaki. Anasema pia sasa anajua anaanzia wapi. Kuna bwana wa kunyoosha viungo anakuja kila asubuhi, anamwita kwa jina lake na kumwomba kidole, mguu, jicho. Jana alitoa kidole. Ni kidogo sana, Mama, sitaki upige vigelegele. Dokta anasema huenda atasema siku moja, huenda hatasema, na simlaumu kwa kutojua.

Kooperative bado haijasikia, lakini itasikia. Tata Umba alikuja nyumbani kunitukana mpaka majirani wakatoka. Nilimwacha amalize, nikampa kiti, akakaa akalia. Anaogopa na yeye, ana vijana wengi chini yake. Kasongo amerudi kulala kwa rafiki yake na anatafuta kazi ya kupakia mizigo. Hospitali itamshika Banza wiki chache, Dokta amesimama mbele yake, lakini wanataka karatasi zinazoonyesha huyu ni nani. Hapa ndipo ninapokuhitaji.

Nenda parokiani, uombe cheti chake cha ubatizo. Kisha andika kwa mkono wako mwenyewe, si mkono wa Tata Katekista, kwamba mtoto huyu alianguka mara tatu, mwaka gani, na vidonge gani masista walimpa kama unavikumbuka. Najua unachoogopa. Lakini mke tutamtafuta siku atakapoweza kusema ndiyo. Neno lako nimelivunja, Mama. Nililishika miaka yote hii, nikalivunja Ijumaa mbele ya watu. Nisamehe, ao usinisamehe, utaniambia ukifika.

Maana lazima ufike. Panda treni ile Feza atakayorudi nayo, yeye atakusaidia kubeba. Nitakuambia kwa nini, halafu nitaacha kuandika. Jana nilikaa naye mchana kutwa nikimwita, mpaka wodi nzima ilichoka na mimi. Kila mara anageuka. Ananitazama kidogo, kisha macho yake yananipita, yanakwenda mlangoni, yanakaa huko. Nilidhani ni mwanga. Nikafunga mlango. Akaendelea kuutazama. Mimi ninamwita, lakini si mimi niliyemwita wa kwanza, ni wewe.

Nisalimie shangazi jirani, yule mwenye kuku, umwambie salopeti ya mume wake iko tayari. Msalimie tata mudogo wa gare na mke wake aliyejifungua, na masista kama wale wa zamani bado wapo. Tata Katekista msalimie pia, umwambie safari hii hakuna cha kuruka. Na mama yake Kasongo, mtafute sokoni, umshike mikono yote miwili kabla hujamwambia chochote. Mwambie mwanawe ni mzima, na hakuna tena mgonjwa mwenye jina lake.

Wako, Mwadi, na mdogo wangu hapa kando yangu. Nimekata ile katoni juu ya kitanda chake, nikaandika nyingine kwa herufi kubwa kama hizi, ili ukisimama mlangoni uweze kuisoma.